Kipande Tulichokiita Mwongo

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa kutokea ufuoni, mahali pale pale ambapo mimi na Fondo tulizoea kutundika picha zetu za mfano. Nililisoma kimoyomoyo kwanza, kisha nikalisoma kwa sauti, kwa kuwa Fondo hakujua kusoma.

"Kuanzia mwezi wa tisa mwaka huu wa 1999, ni mpiga picha mmoja tu atakayeruhusiwa kufanya kazi katika ufuo wa hoteli. Anayetaka apeleke barua kwa naibu meneja kabla ya saa sita mchana, siku ya Ijumaa."

"Mmoja?" akauliza Fondo.

"Mmoja."

"Basi waandikie kwamba sisi ni mmoja," akasema, akacheka peke yake. "Wewe ndiwe mwenye kalamu, Mwalimu."

Mimi si mwalimu. Naitwa Samuel Mwinga, mzaliwa wa upande wa Kinango, na elimu yangu niliipata katika darasa la ngumbaru, masomo ya watu wazima, jioni baada ya kukata miwa. Fondo tuliandikishwa naye siku moja. Alihudhuria jioni tatu, akajua herufi moja tu, F, kisha akaniambia, "Mwenzangu, wewe soma kwa ajili yetu wawili. Mimi nitakata miwa kwa ajili yetu wawili." Sikumsadiki, lakini wiki ya mtihani alikata mistari yake na yangu, na mimi nikapata cheti. Tangu hapo kila karatasi iliyofika mkononi mwake ilipitia kwangu: barua za watoto wake, kadi za zahanati, hata maandishi ya pakiti ya dawa ya mahindi.

Tulikuwa tumepiga picha katika hoteli ile ya Diani kwa miaka ishirini na miwili. Kamera ilikuwa yake na lenzi ilikuwa yangu. Ilikuwa lenzi ya zumu, milimita themanini hadi mia mbili, nzito kama jiwe la kusagia, niliyoachiwa na mgeni mmoja aliyechoka kuibeba. Baadaye nilipata Mombasa kipande kingine, konveta, bomba fupi lenye vioo ambalo hukaa katikati ya lenzi na kamera. Kipande hicho huzidisha lenzi mara mbili, mia mbili ikawa mia nne, na kwa kazi hiyo hula mwanga, robo tu ndiyo hupita.

Fondo ndiye aliyekipa jina. Siku ya kwanza alipokichungulia alimwona mzungu aliye mbali kwenye mwamba, akanyoosha mkono kama wa kumpa salamu, akagusa hewa. "Mwongo huyu!" akasema. Jina likakaa. "Leta Mwongo," angeniambia, nami ningeleta.

Mwongo alikuwa na tabia nyingine pia. Mbali na kuvileta vitu karibu yako, alivisogeza na vyenyewe vikaribiane. Tuliwahi kumpiga picha mgeni akiogelea, na nyuma yake mashua. Mkewe alipoiona picha alipiga kelele, kwa maana mashua ilionekana inampanda mumewe kichwani. Kumbe kati yao palikuwa na bahari ya kutosha viwanja viwili vya mpira. Ilibidi tumweleze yule mama kwa muda mrefu, na sidhani alitusadiki.

Jumatatu hiyo hiyo ya tangazo alifika Immaculate, binti wa Nairobi, mpiga picha wa shirika la habari. Alitumwa kuwapiga picha mbega, kima wale wa mikia mirefu, wanaogongwa na magari katika barabara ya Diani. Kamera yake ilikuwa ya dijitali, ya kwanza niliyopata kuishika. Haikuwa na filamu. Lenzi yake ndefu iliangukia ngazi ikavunjika pete, na Jacinter wa mapokezi akamwelekeza kwetu.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimeambiwa uko na lenzi."

"Marahaba. Ninayo, lakini ni ya zamani."

"Acha tujaribu. Mdomo wa kufungia ni ule ule."

Ilishika kwa mlio mmoja safi. Nikampa na Mwongo pia, maana mbega hawakubali kusogelewa. Alichungulia, akakunja uso. "Kumeingia giza."

"Huyo anakula mwanga," nikamwambia. "Ukitaka mwanga, mtoe. Ukitaka mbega, mvumilie."

Jumatano alikuja na zawadi, karatasi kubwa iliyochapishwa katika ofisi ya hoteli, imejaa picha ndogo ndogo alizopiga tangu juzi. Chini ya kila picha palikuwa na tarakimu ambazo kamera yenyewe ilikuwa imeziandika. Nilifurahi kama mtoto. Kwa miaka yote niliandika vipimo vyangu katika daftari, na sasa kamera inajiandikia! Nikakaa kwenye kibanda chetu na kioo cha kukuzia, nikaanza kuzisoma picha kama mtu asomavyo gazeti.

Ya kumi na saba ilinisimamisha.

Katika pembe palikuwa na mkia mweupe wa mbega anayetoka nje ya picha. Katikati alisimama Fondo, upande upande, mkono wake umefunika kando ya mdomo. Mbele ya mdomo huo palikuwa na sikio la Bwana Trevor, naibu meneja, yule ambaye barua zote zingepelekwa kwake. Trevor alikuwa ametazama chini kidogo, kama mtu anayesikiliza kwa makini jambo asilotaka lisikike. Ua la maua liliwaficha kuanzia kiunoni.

Trevor ni mrefu sana. Fondo humfikia kwapani. Lakini pale vichwa vyao vilikuwa sawa. Nikajiambia: basi ameinama. Na mkubwa hamwinamii mpiga picha wa ufuoni ila kwa neno zito.

Sikuwa mjinga. Mwongo alinijia akilini mara moja. Nikashusha kioo kwenye tarakimu. Ziliandikwa wazi: 200. Kama Mwongo angekuwamo ingeandikwa 400. Kwa hiyo binti alikuwa amemtoa, na picha ile ilikuwa ya lenzi tupu, na lenzi tupu naijua kama kiganja changu. Rafiki anaweza kukudanganya, nikawaza, lakini kamera haina rafiki wala jamaa.

Nikaikunja karatasi nikaitia katika daftari.

Alhamisi Fondo alikuja kazini amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono.

"Leo kuna harusi?" nikamuuliza.

"Kanze amenipigia pasi," akasema, akimtaja mkewe. " Hizi ni siku za wakubwa, Mwalimu. Nisionekane kama kuli."

"Umejuaje kwamba utaonekana?"

"Si tunapeleka barua?"

"Barua haivai shati."

Alicheka. Nikaona amecheka kupita kiasi cha maneno yenyewe.

"Huyu Trevor," nikasema, "wewe unamwonaje?"

"Mrefu."

"Nauliza tabia yake."

"Tabia yake nitaijulia wapi? Watu wa bara hawa hawasalimu, wanapita tu kama wamechelewa mazishi. Wewe ndiwe mwenye Kiingereza, wewe ndiwe wa kunieleza mimi."

Jibu lilikuwa tayari mno. Hivyo ndivyo nilivyoliona. Kila alichokifanya siku hiyo nilikiwekea alama. Aliifuta kamera kwa muda mrefu: anaiandaa kwa kazi ya peke yake. Aliniuliza mara mbili kama barua iko tayari: anataka nimalize yangu ili ajue cha kuipiku. Alininunulia mkate wa mofa: dhamiri inamsuta. Mtu ukishamshuku, hata wema wake unakuwa ushahidi.

Nilikwenda nyumbani mchana nikaketi mezani. Mimi huandika barua vizuri, nasema bila kujivuna. Nimewaandikia machifu, nimewaandikia wakuu wa shule, na hakuna iliyorudishwa. Tulikuwa tumekubaliana barua moja yenye majina mawili. Niliandika hivi:

"Mimi, Fondo, mpiga picha, nasema kwa hiari yangu kwamba umri umenichosha, na kuanzia mwezi wa tisa sitaendelea na kazi. Naomba nafasi hiyo apewe mwenzangu Samuel Mwinga, ambaye ana elimu na vyeti."

Niliisoma mara tatu. Haikuwa na kosa hata moja la kisarufi.

Saa tisa nikamkuta Fondo kwenye ngazi za ufuoni. Nikampa karatasi na kalamu.

"Hii ndiyo yenyewe?" akauliza, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue.

"Ndiyo hiyo."

"Imejaa. Nisomee basi nisikie tulivyosema."

Sikuwa nimelitarajia hilo, ingawa ningalipaswa. Nikaishika karatasi mbele ya macho yangu, nikamsomea barua ambayo haikuwapo. "Sisi, Samuel Mwinga na Fondo, tumefanya kazi katika hoteli hii miaka ishirini na miwili. Kamera yetu ni moja na kazi yetu ni moja..." Nikaendelea hadi mwisho, na macho yangu yalikuwa yakienda mstari kwa mstari kama ya mtu anayesoma kweli.

"Hapo kwenye kamera moja pamekaa vizuri," akasema Fondo. "Huyo mrefu atacheka." Akaiweka barua juu ya goti, akaandika F yake polepole, ulimi nje. Akaitazama. "Leo imesimama wima."

Nikaipeleka mwenyewe ofisini, nikamkabidhi karani. Nilijiona mtu aliyewahi kabla hajawahiwa.

Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi Immaculate alikuja kuaga. Alikuwa ameifunga lenzi yangu ndani ya leso safi. Nikaifungua nikaikagua, kwa maana mtu huikagua mali yake. Nyuma ya lenzi, amebana vile vile nilivyombana mimi kwa mkono wangu, alikaa Mwongo.

"Huyu umemrudisha leo?" nikauliza.

"Nani?"

"Kipande hiki. Ulikitoa, kisha ukakirudisha?"

"Sikukitoa kabisa, mzee. Kimekaa hapo tangu Jumatatu. Ningekitoa mbega ningewaona wapi?"

"Lakini karatasi inasema mia mbili!"

Alicheka kwa upole. "Aa, hiyo. Konveta yako ni bubu, baba. Haiongei na kamera. Kamera inaulizia lenzi tu, lenzi inasema mimi ni mia mbili, basi inaandika mia mbili. Kipande cha katikati haikijui."

Nikaigeuza lenzi mkononi. "Kwa hiyo ni mia nne."

"Hata zaidi. Hii kamera yangu mahali pa filamu ina kibati, na kibati chenyewe ni kidogo kuliko filamu. Kinachukua katikati tu ya picha, kando kote kunakatwa. Ukiangalia ni kama mia sita hivi."

Mia sita. Nikafungua daftari, nikaikunjua karatasi, nikamwonyesha picha ya kumi na saba. "Hapa ulikuwa umesimama wapi?"

Alifikiri. "Kule kwenye mkuyu, karibu na geti. Mbega alivuka ukuta, nikamfuata, hao wazee wakaingia tu."

Mkuyu ule uko mwisho kabisa wa bustani. Nikamwomba dakika chache, nikachukua kamera ya Fondo iliyokuwa kibandani, nikaifunga lenzi pamoja na Mwongo, nikatembea hadi pale. Nikachungulia. Minazi ya bustani, ambayo ilipandwa hatua kumi kumi na ambayo nimepita chini yake maisha yangu yote, ilikuwa imebanana kama meno ya kitana. Na hiyo ilikuwa mia nne tu, haijafika mia sita yake.

Nikaichukua tena karatasi, nikaweka kioo, na sasa nikahesabu nilichokuwa sijakihesabu. Kati ya bega la Fondo na bega la Trevor palikuwa na vijistari vitatu vyembamba. Nilikuwa nimevidhania ni nguzo za ua. Vilikuwa vigogo vya minazi. Mmoja, wa pili, wa tatu.

Kama hatua thelathini. Hakuna mtu aliyeinama. Trevor alikuwa mbali, na umbali ndio uliomfupisha akalingana na Fondo. Mtu hanong'onezi sikio lililo hatua thelathini.

Nikamshukuru Immaculate, nikamtakia safari njema, na sikumbuki kama nilimpa mkono. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Trevor. Alikuwa na kikombe cha chai na karatasi nyingi, akainua uso.

"Ooh, karibu, karibu sana Mzee Fondo. Kaa chini."

"Mimi ni Mwinga," nikasema.

"Aa! Sasa Fondo ni yule mfupi? Pole sana. Nimekuja hapa Mei tu, nyinyi wawili bado nawachanganya." Akaitafuta barua, akaipata. "Hii yake nimeisoma. Nilikuwa nataka hata tumfanyie kachai ka kumuaga. Miaka mingi hiyo."

Nilisimama pale nimeshika kofia. Mtu niliyesadiki kwamba amenunuliwa kwa mnong'ono wa Fondo hakumjua Fondo kwa sura.

"Naomba nirudishiwe barua hiyo," nikasema. "Ina kosa."

"Kosa gani? Mbona iko sawa kabisa? Swahili imenyooka."

"Si kosa la Kiswahili."

 Kisha akaiweka barua juu ya meza, mkono wake juu yake. "Mzee, hii imewekwa sahihi na mwenyewe. Akitaka kuitoa aje mwenyewe. Mpaka saa sita. Mimi siwezi kumpa mtu barua ya mtu mwingine."

Alikuwa amesema haki, na haki hiyo ilinichoma, maana mimi kwa miaka thelathini nimepewa barua za mtu mwingine.

Ilikuwa saa tatu na robo. Ningeweza kumwambia Fondo kwamba meneja anataka kumwona tu, kisha niseme mimi maneno yote kwa Kiingereza mbele yake. Nililifikiria hilo, sitaficha. Nililifikiria toka mlango wa ofisi hadi kwenye ngazi. Lakini Trevor angeisoma barua kwa sauti, au Jacinter angeitaja, na Fondo angeisikia kutoka kinywa kingine. Nikamkuta anawaonyesha Waitaliano wawili picha zetu za mfano. Nikangoja waondoke.

"Fondo," nikasema. "Barua uliyotia sahihi jana si ile niliyokusomea."

"Umebadilisha maneno?"

"Nimebadilisha yote."

Nikamwambia kilichoandikwa, neno kwa neno, kwa maana nilikuwa nimekihifadhi. Umri umenichosha. Sitaendelea na kazi. Mwenye elimu na vyeti. Hakunikatiza. Kisha nikamwonyesha picha, nikamweleza mia mbili na mia sita, na minazi mitatu. Hapo alinikatiza.

"Siku hiyo ilikuwa Jumanne?"

"Jumanne."

"Saa nne hivi, wale maarusi Wajerumani walipotaka picha ya majini?"

"Tarakimu zinasema saa nne na dakika kumi na mbili."

"Nilikuwa nakuita wewe," akasema Fondo. "Uko kule chini na kiti chako. Nimepiga makelele mpaka koo likakauka. Mwinga! Mwinga oyee! Ukaja, tukapiga."

Nilikumbuka. Nilikuja mbio na lenzi yangu nyingine, ile fupi ya picha za karibu, begani, nikamlaumu kwa kupiga kelele mbele ya wageni.

Fondo alikaa chini kwenye ngazi, katika shati lake jeupe. Aliushika ule waraka wa picha, akautazama upande mmoja na mwingine. "Huyu Mwongo nilimpa jina mimi," akasema. "Lakini si yeye aliyeandika kwamba nimechoka."  Nilisubiri anitukane. Ningelipokea tusi kwa shukrani.

"Twende," akasema mwishowe.

"Kwa Trevor?"

"Kwa Jacinter. Nataka anisomee mtu mwingine."

Trevor aliitoa barua Fondo mwenyewe alipoiomba. Jacinter akaisoma kwenye meza ya mapokezi, taratibu, akinitazama mimi kila mwisho wa sentensi. Fondo alisikiliza kichwa kimeinama. Aliporidhika kwamba maneno ni yale yale niliyomwambia, aliomba karatasi mpya akamwamuru Jacinter aandike: "Sisi ni wawili. Kamera ni yangu, lenzi ni yake. Mkimtaka mmoja, tutaingia kwa zamu." Ilikuwa barua fupi, na haina salamu wala hitimisho. Ningeliirekebisha mahali pawili.  Akaweka F yake, na mimi nikatia sahihi yangu chini ya yake. Saa sita kasoro dakika ishirini ilikuwa mezani kwa Trevor.

Trevor alikubali. Tulipewa beji moja. Fondo huivaa asubuhi na mimi huivaa alasiri. Saa saba hukutana kwenye ngazi, ananipa beji na kamera, nampa salamu, tunaulizana habari za nyumbani. Bado tunatumia lenzi ile ile, na akimhitaji yule mwenye kula mwanga hunyoosha mkono tu na kusema, "Kile kipande." Jina lile halitaji tena.

Barua zake bado huniletea. Juzi ilikuja ya mwanawe aliye Voi. Niliona kwamba bahasha imekwisha funguliwa na kufungwa tena kwa uangalifu, na karatasi ina harufu ya mafuta ya nywele ya Jacinter. Nilimsomea tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka neno, polepole, na Fondo alinisikiliza amefumba macho, midomo yake ikiyatangulia maneno yangu kidogo.